Ng'ombe Hauzwi kwa Ajili ya Jino

Kama unasoma haya huku umeshika shavu, na ndani ya shavu kuna kitu kinadunda kama kina moyo wake, basi nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Niliishia darasa la saba, na yale niliyoelezwa na madaktari kuhusu mifupa na usaha nimeyasahau karibu yote. Ninachokumbuka ni mahali nilipokaa nikingoja, nani alinipa uji, na nani aliniogopa. Nadhani mgonjwa anahitaji zaidi hayo.

Naitwa Luhende. Sisi ni Wasukuma tuliohamia bonde la Momba, upande wa Chitete, nilipokuwa bado nabebwa mgongoni. Baba yangu, Mzee Gamaya, alifika huku akiwaswaga ng'ombe wake kwa miguu, na mpaka leo ukitaka afurahi muulize habari za safari ile. Nina kaka mmoja, Maduhu, na wadogo wa kike watatu. Kazi yangu nyumbani ilikuwa maksai. Niliwaongoza kwenye plau kwa mluzi tu, bila fimbo, na vijana wenzangu walinionea wivu kwa hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina nguvu za kumwangusha ndama dume peke yangu, na nilijua hivyo.

Jino lilianza wakati wa kulima. Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia, la mwisho kabisa. Kwanza liliuma nikinywa maji ya mtungi, baadaye likauma bila maji, na baada ya hapo likawa linauma hata nikifikiria kulala upande ule. Nilijaribu karafuu. Nilijaribu chumvi, ugoro, na mizizi niliyopewa na jirani. Siku moja nilichovya pamba kwenye maji ya betri kuukuu nikaibana hapo. Ufizi uliungua ukawa mweupe, jino likaendelea na shughuli zake. Usifanye hivyo, nakuomba kama ndugu.

Nyumbani sikusema. Kwetu mwanamume akivunjika mguu atasema, akiumwa na nyoka atasema, lakini habari ya jino ni ya watoto. Nilimeza maumivu pamoja na ugali mpaka ugali wenyewe ukanishinda.

Mvua zilipokolea, shavu likavimba. Halikuvimba laini kama la mtu aliyeumwa na nyuki. Lilikuwa gumu, na kila wiki mdomo ulizidi kufunga, mpaka ikafika siku kidole kimoja tu ndicho kingeweza kupita kati ya meno. Asubuhi moja nilisimama nyuma ya plau nikakusanya midomo nipige mluzi, ikatoka pumzi. Maksai wakasimama katikati ya tuta, wakageuza vichwa kunitazama. Maduhu alicheka. Nilipojaribu mara ya tatu aliacha kucheka, akaenda kumwita baba.

Baba alinishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akabonyeza taya kwa vidole gumba kuanzia sikioni mpaka chini. Hakuniuliza kama naumwa. Niliijua namna ile ya kushika, maana nilikuwa nimemsaidia kuwashikilia wengi walioshikwa hivyo.

Kuna ugonjwa wa ng'ombe ambao kila mfugaji anaujua. Taya linavimba, linakuwa gumu kama jiwe, halafu linatoboka na kutoa usaha. Mnyama hafi upesi. Anapunguza kula kidogo kidogo hadi anabaki mbavu. Baba alikuwa ameona wengi, na katika hao wote hakukumbuka hata mmoja aliyepona. Ng'ombe wa namna hiyo anatengwa na wenzake, anachomwa chuma cha moto pale penye uvimbe, na asipopata nafuu anachinjwa mapema kabla nyama haijaisha mwilini.

Basi baba alinipima kwa kipimo hicho. Alisubiri wiki mbili, akawasha moto, na Maduhu akanishika kichwa katikati ya magoti yake. Kovu lipo mpaka leo chini ya sikio. Watu nisiowajua huliona wakadhani niliwahi kupigana, nami siwasahihishi. Baada ya hapo nilihamishiwa kwenye kibanda cha ndama, nikapewa bakuli langu na kibuyu changu, na wadogo zangu wakakatazwa kugusa nilichogusa. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wapole sana kwangu, na upole ule ndio ulionitisha.

Mama peke yake ndiye aliyebisha. Nilimsikia siku moja mchana, nikiwa nyuma ya ukuta wa fito.

"Mpeleke hospitali, Baba Maduhu. Uza hata yule dume mwekundu."

"Ng'ombe hauzwi kwa ajili ya jino."

"Siyo jino, ni mtoto."

"Wale wote wamekwisha kuonwa na wakwe wa Maduhu. Nikimtoa mmoja, neno langu limekwenda." Kisha akashusha sauti. "Na tungeuza zizi zima, mama, haponi. Nimeyaona haya. Huyu haponi."

Nataka niseme kweli hapa, maana bila kweli hakuna faida ya kuandika. Kunyimwa ng'ombe hakukuniuma. Ng'ombe walikuwa wa mahari na neno la baba ni neno. Kilichonivunja ni kwamba nilimwamini. Mimi pia nilikuwa nimewaona wale ng'ombe. Nilikaa mle kibandani nikangojea kukonda, na nilipokonda niliona mambo yanakwenda kama yanavyokwenda siku zote.

Taya lilitoboka wakati wa kuvuna mpunga. Sitaeleza harufu. Nitasema tu kwamba kiumbe pekee aliyenisogelea kwa hiari alikuwa mbwa wetu, na nilijua kwa nini.

Kila msimu wa mpunga malori hushuka bondeni kutoka Tunduma kununua mchele. Katika wanunuzi alikuwepo mwanamke mmoja wa Kinyamwanga, Mama Silwimba, mnene, mwenye maneno mengi, ambaye kwa miaka mingi alifikia kwetu. Mama alimpikia kuku kama kawaida, akamwacha ale, kisha akamshika mkono akamleta kibandani. Alimwambia neno moja tu: "Nichukulie mwanangu."

Mama Silwimba alinitazama muda mrefu. Nilitegemea afunike pua. Akasema, "Anakaa mbele na mimi. Kule juu ya magunia atarushwa."

Baba hakuzuia. Alikuja mpaka kwenye lori, akasimama, akamwangalia dereva akifunga turubai, akaondoka kabla hatujaondoka.

Wanaoijua barabara ile wanajua ilivyokuwa. Dereva alifungua vioo vyote viwili ingawa vumbi lilikuwa linaingia, na sikumlaumu. Mama Silwimba alikunja kitenge mara nne, akakiweka chini ya taya langu, akalishikilia kwa kiganja chake kutwa nzima, mkono wa kulia ukichoka anabadilisha wa kushoto. Kila shimo tulilolipita lilipita kwenye kiganja chake kwanza. Hakuwa ndugu yangu. Sikuwa na cha kumpa. Nimewahi kumuuliza baadaye kwa nini alifanya vile, akanijibu kwamba mchele ulikuwa wa bei mbaya mwaka ule na alihitaji kitu cha kushika.

Tunduma ilinichanganya. Malori yamepanga mstari kuelekea mpakani mpaka hujui mwanzo wake, wabadilisha fedha wanaita, mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili anaimalizia kwa Kibemba. Nyumbani kwa Mama Silwimba ndugu zake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waliingia na kutoka, na kila aliyeingia alinisalimia, "Mulishani, ba Luhende?" huku akipiga makofi polepole, viganja vimepinda. Nami nilijibu kwa makofi. Kwao makofi ni salamu kamili. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi nilikaa na watu bila mtu kugundua kwamba siwezi kufungua mdomo.

Alinipeleka kliniki moja ya mtu binafsi, wakati ule zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini. Kijana mtaalamu alinitazama kwa tochi kupitia ule upenyo mdogo, akatikisa kichwa. Alisema hili si la kung'oa pale, limekwisha kuingia kwenye mfupa, linataka upasuaji. Alitaja na gharama zake. Mama Silwimba akashukuru, tukatoka, tukatembea hadi nyumbani bila yeye kusema neno, jambo ambalo si la kawaida kwake.

Jumapili alirudi kutoka kanisani mbio mbio, kitabu cha nyimbo bado mkononi. Walikuwa wametangaziwa kwamba madaktari wa meno wa kujitolea watakuwa wiki nzima kwenye hospitali moja ya misheni, huko juu Mbozi. Wasio na uwezo watatibiwa bila malipo yoyote. "Umesikia?" akaniuliza. "Bure. Wametoka kwao, wameacha kazi zao, wanakuja kung'oa watu wasiowajua." Alikaa kwenye kiti akaanza kucheka peke yake kwa mshangao.

Tulipanda Mbozi kiangazi kikiwa kimeanza. Mimi ni mtu wa bondeni. Baridi ile sikuwahi kuiona, ukungu umelala juu ya kahawa, watu wamevaa makoti kama wanaenda mkutanoni. Mama Silwimba alinifikisha getini, akaniachia chupa ya chai, blanketi na kitenge chake, akarudi kwenye biashara akiahidi kuja Alhamisi.

Niliingia ndani ya uzio nikasimama. Uwanja wote, kuanzia ukutani mpaka kwenye miti, ulikuwa umejaa watu walioshika mashavu. Wazee, wasichana, mama mjamzito aliyetoka Isongole kwa miguu na kwa magari ya kudandia, mwanamume mzito aliyevaa kofia ya mgambo akilia bila sauti. Wengine walikuwa wamefunga vitambaa kichwani na chini ya kidevu. Mimi miezi yote ile nilidhani niko peke yangu duniani. Nilidhani ni balaa lililonitafuta mimi kwa jina. Nilikaa chini kwenye nyasi nikawatazama tu, na nilijisikia kama mtu aliyefika kwao.

Sasa nitasimulia ujinga wangu, nao ni mkubwa.

Kwenye meza ya kuandikisha alikaa dada mmoja mwenye daftari. Aliuliza jina, akauliza nilikotoka, nikajibu kwa shida kupitia meno.

"Unafanya kazi gani?"

"Mfugaji."

"Una ng'ombe wangapi?"

Lilikuwa swali la kupima uwezo wangu, hata mtoto angeelewa. Lakini mwambie kijana wa Kisukuma, mbele ya watu, akiwa tayari ananuka na amekonda, aseme hana ng'ombe. Afadhali umwambie avue nguo. Kwetu mtu asiye na ng'ombe ni mtu ambaye bado hajafika. Nilijinyoosha mgongo.

"Arobaini na wawili."

Kalamu ikasimama. "Arobaini na wawili, kaka?"

"Ndiyo."

Akaandika kwa heshima kabisa, akanielekeza upande wa pili, foleni ya dirishani, ya wagonjwa wa kawaida wa hospitali wanaolipia. Nilikwenda kwa mwendo wa mwenye ng'ombe arobaini na wawili, nikakaa, na mfukoni sina kitu.

Nilikaa kwenye foleni ile Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kila nilipokaribia dirisha niliondoka nikarudi mwisho wa mstari. Mzee mmoja kutoka Igamba, aliyekuwa na uvimbe wa kifua, alinigawia uji wake mwembamba nikaufyonza kupitia meno. Siku ya pili akauliza, "Kijana, mbona kila ukifika pale unarudi nyuma?" Nikamwambia nawapisha wenye haraka. Aliniangalia, akaangalia taya langu linalovuja, akanimiminia uji mwingine.

Ng'ambo ya uwanja niliona wenzangu wakiingia ukumbini na kutoka na pamba mdomoni. Walitoka wengi mno. Yule wa kofia ya mgambo alitoka akatembea mpaka katikati ya uwanja, akasimama, akaweka kiganja shavuni, akakitoa, akakiweka tena, kama mtu anayetafuta kitu alichokizoea mahali pake na hakioni.

Alhamisi Mama Silwimba akaja.

"Wameshakung'oa?"

Nikatikisa kichwa.

"Na hapa dirishani unatafuta nini?"

Ilibidi nimweleze. Alinisikiliza mikono kiunoni.

"Hao ng'ombe ni wa nani, Luhende?"

"Wa nyumbani."

"Nimekuuliza ni wa nani."

"Wa baba."

"Na wewe unao wangapi?"

Nikainamia blanketi nikaanza kulikunja.

"Mama yako alinikabidhi mtoto," akasema, "hakunikabidhi zizi. Nenda kwa yule dada umwambie kweli. Ukifa na heshima yako hapa, mimi bondeni sirudi tena, na mchele nitanunua wapi?"

Ile safari kutoka dirishani mpaka kwenye meza haikuzidi hatua hamsini, na nimetembea nyingi nyepesi kuliko hiyo. Nilimwinamia yule dada ili wengine wasisikie.

"Dada, nilikosea juzi. Ile hesabu."

"Ya ng'ombe? Ni wangapi?"

"Hakuna. Sina hata mmoja."

Aliweka kalamu chini. Nilimwona anataka kucheka, kisha uso wake ukabadilika. "Wiki nzima naandikisha watu wanaoficha mali," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunificha umaskini." Akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika jina langu chini kabisa, kwenye nafasi ya Ijumaa. Jumamosi walikuwa wanaondoka.

Ukumbi ulikuwa ni wa mikutano tu. Walikuwa wamepanga viti vya kukunja sita mstari mmoja, karibu na madirisha wapate mwanga, na kila daktari alifunga taa kwenye paji la uso. Hakukuwa na kelele nilizozitegemea. Kulikuwa na sauti za chini, maji, na vyuma vikigonga vyombo. Niliyempata mimi alikuwa mama mfupi wa makamo, Mtanzania kama mimi, aliyekuja na wenzake kutoka mbali. Walimwita Daktari Anna. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

Alipoinama karibu niligeuza uso pembeni. Nilikuwa nimezoea kuwaepushia watu harufu yangu, nilifanya bila kufikiri. Akanigeuza tena kwa vidole viwili.

"Usinifiche," akasema. "Hiki ndicho nilichokifuata."

Alikaribia mpaka nikasikia pumzi yake nyuma ya kitambaa. Hakurudi nyuma. Mtu ambaye hajawahi kuepukwa hawezi kujua neno hili lina uzito gani: hakurudi nyuma. Alipofika kwenye kovu akasimama.

"Na hii ni nini?"

"Baba alinichoma."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kidogo kidogo habari za ng'ombe wa taya, jinsi wanavyotengwa, jinsi wasivyopona. Muuguzi aliyesimama kando aliguna. Daktari Anna hakuguna, wala hakumsema baba yangu vibaya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako ameona vizuri," akasema. "Amekosea mnyama tu."

Kisha akanichoma ganzi, sindano mbili za nje na, mdomo ulipolegea, moja ya ndani. Tukangoja. Na hapa sijui niandike vipi. Kwanza mdomo ulikuwa mzito, halafu ukawa wa mtu mwingine, halafu maumivu yakaondoka. Hayakupungua, yaliondoka. Miezi tisa nilikuwa nayo, nilikula nayo, nililala nayo, nilikuwa nimesahau kwamba kuna Luhende asiye nayo. Nilitazama dari ya ubao na machozi yakatiririka kuingia masikioni. Nilimshangaa Mungu, nikawashangaa watu hawa, nikaishangaa hata sindano. Kisha, aibu kusema, nililala usingizi hapo hapo kitini, na walinifanyia kazi nimelala nusu.

Niliamka niliposikia kitu kinadondoka kwenye chombo. Daktari akanionyesha. Lilikuwa jino jeusi upande mmoja, si kubwa kuliko punje ya hindi la kuchoma. Nilikiangalia kitu kile kwa muda mrefu. Hicho ndicho kilichonishinda mimi, kikamshinda baba na chuma chake, kikanihamishia kwenye kibanda cha ndama. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kilikuwa kidogo mno.

"Hujamaliza," akaniambia. "Kuna mfupa umekufa mle ndani. Usipotolewa utarudia yale yale."

"Lakini mnaondoka kesho."

"Wao wanaondoka."

Jumamosi gari lao liliondoka, nikaliona kupitia dirisha la wodi, na yeye hakuwemo. Alibaki siku tatu zaidi. Alinipasua Jumapili mchana pamoja na daktari wa pale hospitali, wakatoa vipande vya mfupa, wakanifunga taya kwa waya. Nilipozinduka alikuwa amekaa kwenye benchi ya wodi, anakula ndizi. Nikamuuliza kwa ishara, kwa nini? Akafikiri kidogo akasema kwamba ndizi za huku ni tamu. Nadhani alielewa swali. Watu wa namna hii hawapendi kuulizwa.

Nililala wodi ile mpaka kahawa ikavunwa yote. Kila asubuhi kidonda kilioshwa na kufungwa upya, na siku za kuoshwa nilihesabu kama watu wanavyohesabu Jumapili. Waya ulipotolewa walianza kunifundisha kufungua mdomo. Muuguzi aliweka vijiti bapa vya mbao kati ya meno yangu, vimelala kimoja juu ya kingine. Wiki ya kwanza viliingia vitatu. Kikiongezwa cha nne unaona nyota. Nakwambia wewe unayesoma: ongeza hicho cha nne. Nilifika kumi na viwili, na yule mzee wa Igamba, aliyekuwa wodi ya jirani na uvimbe wake, alikuja kila siku kuuliza idadi kama mtu anayefuatilia mpira.

Nilikuwa kwenye vijiti vitano baba alipotokea mlangoni.

Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka bondeni, mlima wote akiisukuma, siku tatu. Nyuma alifunga dumu la maziwa ya mgando, na juu ya dumu kulikuwa na kitambaa cheupe kipya ndani ya mfuko wa nailoni. Dereva wa lori alikuwa amemwambia nimepona, hakuamini, akaja akiwa na vyote viwili. Kitambaa sikukiuliza, naye alikisukuma haraka chini ya kitanda.

Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akabonyeza kwa vidole gumba kuanzia sikioni mpaka chini. Akarudia.

"Limelainika," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Halilainiki hili. Sijawahi kuona." Akamgeukia muuguzi. "Hao waliofanya hivi wanataka nini?"

"Hawataki kitu, baba. Wamekwisha ondoka."

"Hawakudai?"

"Hawakudai."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Baba ni mtu asiyependa kubaki na kitu cha watu. Nilimwona akitafuta pa kuliweka jambo lile na hapaoni. Mwishowe akainuka, akafungua dumu, akaomba vikombe. Muuguzi alisema kwanza yachemshwe. Kuchemsha mgando kwetu ni kuuharibu, baba akaumia wazi wazi, lakini akakubali. Yalikatika yakawa vibonge na maji. Akazunguka wodi nzima akimimina, kitanda kwa kitanda, akampa kila mgonjwa kwa mikono miwili na goti moja limekunjwa, hata watoto. Watu wengi mle hawakuwa na meno ya kutafunia kitu kingine. Walikunywa wote, na yeye alisimama mbele ya kila mmoja mpaka kikombe kikaisha.

Nilirudi nyumbani mvua za kwanza zilipokaribia. Nilikuwa na shavu moja lililobonyea na sauti iliyobadilika kidogo. Mama alinipikia wali laini kiasi cha kumezwa na mtoto mchanga. Wadogo zangu walinywea kikombe changu makusudi, mmoja baada ya mwingine, mbele ya macho yangu.

Siku ya tatu baba akaniita tukaenda nyuma ya zizi, akiwa na jembe na kamba. Alinionyesha sehemu iliyosafishwa, na vigingi vinne vilivyopigwa ardhini. Nilielewa ukubwa wake kabla hajasema. Ulikuwa urefu wangu.

"Nilikupimia," akasema. "Siyo mila kupima mtu akiwa hai. Nilipima. Maduhu alianza kuchimba, udongo ukamshinda, nikamwambia tungoje mvua."

Hakunitazama, alikuwa anaangalia vile vigingi. Nilitegemea aving'oe.

"Jenga hapa," akasema.

"Nijenge nini, baba?"

"Nyumba. Umekuwa mtu mzima, utaoa." Akafungua kamba. "Vigingi visogeze tu. Nyumba ni kubwa kuliko hivyo."

Nilivisogeza siku hiyo hiyo, yeye akinishikia kamba.